Posta, Ushindani na Haki ya Aliye Mbali

Zamani barua ilikuwa anasa. Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1840, ada yake ilipimwa kwa mwendo wake na kwa idadi ya karatasi, na aghalabu mlipaji alikuwa mpokeaji. Maskini aliyeletewa habari za mwanawe aliweza kuzirudisha mlangoni kwa kukosa fedha. Rowland Hill, katika kijitabu chake cha mwaka 1837, alionyesha kwamba kuichukua barua moja kutoka London hata Edinburgh kuligharimu sehemu moja tu katika 36 ya peni. Gharama kubwa ilikuwa katika kukusanya, kuandika hesabu na kugawa. Basi tangu Januari 10, 1840, barua nyepesi ililipiwa peni moja, iende karibu au mbali.

Ndani ya peni ile mlikuwa na mapatano yasiyoandikwa: barua ya mjini ilimsaidia mzigo ndugu yake wa kisiwani. Ukiritimba wa posta ulikuwa ukuta wa mapatano hayo. Lakini ukuta hulinda uvivu kama ulindavyo haki, na ndiyo sababu wengi walitaka ubomolewe.

Sweden iliubomoa mwaka 1993. Kampuni ya City Mail, iliyoanza Stockholm mwaka 1991, ilichagua barua za makampuni, zilizokwisha kupangwa, za mjini. Haikutenda dhambi, mvuvi hutega palipo na samaki. Lakini nani atakwenda kisiwani? Umoja wa Ulaya ulijibu kwa sheria ya mwaka 1997: kila mkaaji ahudumiwe walau siku tano kwa juma, kwa bei aimuduyo. Sheria ya mwaka 2008, iliyoamuru ukiritimba uishe, iliruhusu hasara ya sharti hilo ilipwe na hazina ya serikali, au na mfuko uchangiwao na makampuni.

Na tarishi je? Ujerumani, ilipofungua mlango Januari 1, 2008, iliweka mshahara wa chini wa watu wa posta, uliofika hadi euro 9.80 kwa saa. Washindani wakanung'unika kwamba kiwango kile kilitokana na mapatano ya waajiri ambao kati yao Deutsche Post ndiyo iliyokuwa na nguvu. Januari 2010 mahakama ikaitangua amri ile, kwa kuwa washindani hawakusikilizwa kama sheria itakavyo. Mshahara wa chini kwa kazi zote, euro 8.50, ulikuja mwaka 2015.

Hapa pana fundisho. Ngao ya mfanyakazi, ikitengenezwa faraghani na mwenye nguvu, hudhaniwa kuwa silaha yake, na huvunjwa. Naye tarishi hubaki kifua wazi. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapana shaka mshindani ni mgeni wa faida. Lakini masharti ya nyumba yasomwe kabla hajaketi, mbele ya wote: aliye mbali afikiwe, na amfikiaye alipwe.