Timazi na Kibla: Wahandisi wa Kiislamu wa Kampala na Deni la Uzeeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Nuhu kuunda safina na kumlainishia Nabii Daudi chuma. Kazi ya kupima na kujenga, basi, si ngeni katika dini. Hata hivyo, katika Buganda ulipita muda mrefu kabla nyumba ya Mwislamu haijatoa mhandisi. Anayemwona leo mhandisi mstaafu wa Kalerwe akitoka katika sala ya Alfajiri, naye amemshika mjukuu wake mkono, yafaa ajue ni wazee gani waliomfungulia njia hiyo.

Shule za kisasa zilipoanza kuenea katika Uganda, nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi wa Kiislamu alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa chungu. Akimpeleka mwanawe shuleni, aliogopa kumpoteza katika dini. Akimweka nyumbani na msahafu, alijua kwamba mtoto hatapata hesabu wala Kiingereza, na mlango wa kazi za serikali utamfungia. Wengi walichagua kuihifadhi dini, wakakubali hasara ya dunia. Wana wao wakawa wachinjaji, wachuuzi na madereva. Kazi za halali zenye heshima yake, lakini daraja na bwawa vilichorwa na watu wengine.

Aliyeweka msingi wa mabadiliko hakuwa mwanachuoni wa hesabu. Alikuwa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambaye jina lake limebaki mpaka leo katika Kawempe Mbogo, si mbali na Kalerwe. Baada ya vita vya dini aliuacha upanga mwaka 1892 akafanya suluhu. Mwaka 1893 alipelekwa uhamishoni Zanzibar, akarejea mwaka 1895. Mkataba wa 1900 ulimpa maili 24 za mraba, zake na za wafuasi wake, pamoja na posho ya pauni 250 kwa mwaka. Alifariki mwaka 1921, akiwaachia Waislamu amani na ardhi.

Mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, aliyajua machungu ya njia zile mbili, kwa kuwa yeye mwenyewe alisomea Budo, shule ya Kikristo, akabaki na Uislamu wake. Aliitoa ardhi yake ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Shule nazo zikasimama ubavuni mwake, ili mtoto asome jometri asubuhi na kusikia adhana adhuhuri, pasipo kulazimishwa kuchagua moja na kuacha nyingine.

Lakini mhandisi hatimizwi na ubao na chaki. Huhitaji karakana, na karakana hiyo ilipatikana pwani. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu aliasisi Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, iliyosaidia kujenga misikiti na shule katika nchi hizi. Ikafuata Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Aga Khan na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, walichangia kila mmoja pauni 100,000, nao Mabohora wakatoa sehemu yao. Hapo vijana wa Kiislamu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walifundishwa umeme na mitambo. Baada ya uhuru milango yake ilifunguliwa kwa watu wa dini zote, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kampala nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1970 Makerere ilianza kufundisha uhandisi katika Kitivo chake cha Teknolojia. Miongoni mwa waliopata kukiongoza kitivo hicho ni Dakta Badru Malimbo Kiggundu, Mwislamu na mhandisi wa ujenzi, ambaye baadaye aliongoza Tume ya Uchaguzi ya Uganda kutoka mwaka 2002 hadi 2016. Alipotoka huko aliitwa tena katika fani yake, kuongoza kamati iliyosimamia ujenzi wa mabwawa ya umeme ya Karuma na Isimba. Huo ni ushahidi kwamba kustaafu ofisini si kustaafu elimu.

Na hapa ndipo Kalerwe inapoingia katika habari hii. Kalerwe iko bondeni, chini ya vilima vya Makerere na Mulago. Maji ya mvua huteremka kutoka vilimani, hujaa katika mfereji wa Nsooba yakielekea kinamasi cha Lubigi, na mara nyingi huingia majumbani na sokoni. Barabara ya mzunguko wa kaskazini, yenye urefu wa kilomita 21, ilifunguliwa mwaka 2009 nayo inapita papo hapo. Barabara imepimwa na wataalamu. Vichochoro vya maskini havina mpimaji.

Kazi ya uhandisi humtoa mtu nyumbani miaka mingi, akilala kwenye mahema ya barabara na mabwawa huku mke akilea peke yake. Uzee humrudisha, na haki ya kwanza ni ya nyumba yake: kukaa na mwenzake, kuwasikiliza wanawe, kumfundisha mjukuu Alifu na hesabu kwa pamoja. Haki ya pili ni ya msikiti na jirani. Ukuta wa msikiti unahitaji timazi, safu za sala zinahitaji kibla sahihi, na maji ya udhu yanahitaji mfereji usioyamwaga katika mlango wa mjane.

Ardhi ya Kibuli ilitolewa bila malipo, na fedha za Mombasa zilitolewa na watu wasiowajua wanafunzi. Elimu iliyopatikana hivyo ni wakfu kifuani mwa mwenyewe, wala wakfu hauzikwi pamoja na mtu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape wazee waliobaki afya ya kuilipa amana hiyo. Amina.