Kulijua Kosa na Kuijua Kazi: Historia Fupi ya Upendeleo katika Tathmini ya Utendaji

Mwaka 1920, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha makala mafupi kuhusu kosa lililojirudia katika alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa walio chini yao. Kwa wapimaji watatu, wastani wa uwiano kati ya umbo la mwili na akili ulikuwa 0.31, na kati ya umbo na uongozi 0.39. Alama hizo zilishabihiana kupita kiasi. Thorndike aliliita kosa hilo halo, yaani duara la nuru, kama lile linalochorwa kuzunguka vichwa vya watakatifu: sifa moja ya mtu huangaza nyingine zote. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba hakulihusisha na ujinga. Kwa maoni yake, hata msimamizi hodari hushindwa kuzitenganisha sifa za mtu mmoja.

Hata hivyo, katika miaka ya 1970 tiba iliyopendwa ilikuwa kuwafundisha wapimaji kuyajua makosa yao. Mwaka 1980, Bernardin na Pence walionyesha kasoro ya tiba hiyo. Wapimaji waliofunzwa walipunguza kweli halo na ukarimu wa alama, lakini usahihi wao ulishuka. Walikuwa wamejifunza mazoea mapya ya kuzitawanya alama, na mfanyakazi aliye bora katika kila jambo (wapo watu wa namna hiyo) huadhibiwa kwa ubora wake.

Mwaka uliofuata, Bernardin na Buckley walipendekeza ujuzi wa aina nyingine: wapimaji waelewe kwanza majukumu ya kazi yenyewe, wakubaliane ni tendo gani linastahili alama gani, kisha wajaribu na kusahihishwa. Tafiti zilizofuata ziliiunga mkono njia hii kwa upande wa usahihi.

Tofauti hiyo inaigusa Afrika Mashariki pia. Mwaka 2004 Tanzania iliacha taarifa za siri za watumishi wa umma na kuanzisha mfumo wa wazi, OPRAS, ambamo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka. Uwazi ulikuwa hatua kubwa ya haki. Lakini uwazi humwezesha mtumishi kuijua alama yake. Haumpi msimamizi ujuzi wa kazi anayoipima. Mkuu wa idara aliyehamia katikati ya mwaka huyasoma malengo kwenye fomu, na miezi ambayo hakuwapo huelekea kuijaza kwa sifa alizozisikia.