Aina na Umbo: Namba Zilizoshukia Ngomeni

Namba zinazotoka kwenye setilaiti hufika ardhini kama mfululizo wa biti, sifuri na moja zinazofuatana bila nafasi wala jina. Kabla hazijasomeka, sharti yajulikane mambo mawili. La kwanza ni aina: ni namba nzima au za desimali, na kila moja imechukua biti ngapi? La pili ni umbo: safu hiyo ina mihimili mingapi, na kila mhimili una urefu gani? Muuza nafaka wa pwani aliyeagizwa "sita" hakupima kitu mpaka ajue ni pishi sita au vibaba sita, kwa kuwa vibaba vinne ndivyo pishi moja. Swali la namna hiyo limeulizwa kwa zaidi ya nusu karne juu ya shehena ya angani ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Chanzo ni mradi wa San Marco, ulioongozwa na Mwitalia Luigi Broglio kwa ushirikiano na NASA. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa baharini katika ghuba ya Ungwana, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo husaidiwa na mzunguko wa dunia, na setilaiti inayobaki juu ya ikweta hukwepa kwa sehemu kubwa eneo la mionzi la Atlantiki ya Kusini, ambalo huvuruga vipimo. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ikafuata setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru.

Uhuru ilibeba seti mbili za vihesabio zilizopeana mgongo. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, huku vihesabio vikihesabu miale iliyoingia katika kila kipande cha muda: karibu moja ya tano ya sekunde kwa seti moja, maradufu ya hapo kwa nyingine. Hesabu ziligawanywa katika ngazi 8 za nishati. Umbo la data, basi, liliamuliwa kabla roketi haijawashwa: mhimili wa muda, na mhimili wa nishati wenye urefu wa 8. Anayeunganisha seti hizo mbili bila kupima mhimili wa muda hulinganisha nyakati zisizolingana. Na ni katika mhimili huo ambapo mwanaastronomia Riccardo Giacconi na wenzake walikiona chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 kikipwita kila sekunde 4.8. Kama vipande vya muda vingekuwa vya sekunde tano, mpwito huo usingeonekana kabisa. Orodha ya nne ya Uhuru, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339.

Zana za kuuliza maswali hayo zilikuwa zikikua kwingineko. Mkanada Kenneth Iverson alichapisha mwaka 1962 kitabu kilichozaa lugha ya APL, ambamo safu nzima hushughulikiwa kama kitu kimoja. Herufi ya Kigiriki rho ikitangulia jina la safu hujibu urefu wa kila mhimili. Mwaka 1977 David Stern wa Colorado alianzisha IDL, lugha ya safu iliyokuja kuenea sana miongoni mwa wanaastronomia. Humo amri ya HELP hutaja aina na umbo, na SIZE hurudisha namba zenyewe: kwa picha ya 300 kwa 200 yenye desimali za biti 32, jibu ni 2, 300, 200, 4, 60000, yaani mihimili miwili, urefu wa kila mmoja, msimbo wa aina, na jumla ya viungo. Msimbo huo si wa kupuuza. Namba nzima ya kawaida ya IDL ilikuwa ya biti 16. Hesabu ikifika 32767 na kuongezwa moja, hugeuka kuwa hasi 32768, bila safu kubadilika umbo hata kidogo.

Utaratibu wa faili wa FITS, uliochapishwa mwaka 1981, uliweka majibu ndani ya faili lenyewe. Kila faili hufunguliwa kwa mistari ya herufi 80 inayosomeka kwa macho: BITPIX hutaja aina, NAXIS idadi ya mihimili, NAXIS1 na NAXIS2 urefu wake. Kazi hii ya unyenyekevu inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, maana kwa sababu yake data inaweza kuishi kuliko kompyuta iliyoiandika.

Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka Ngomeni tarehe 25 Machi 1988, lakini antena za nchi kavu ziliendelea. Kituo cha Malindi kilipokea data za setilaiti ya BeppoSAX kuanzia 1996, kisha za Swift, iliyorushwa 2004, na NuSTAR, iliyorushwa 2012. Katika majedwali ya Swift kila fotoni ina mstari wake, na wakati wake huhesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 2001. Safuwima hiyo ni ya desimali za biti 64, na kuna sababu. Tangu mwaka 2018 hesabu imepita milioni 536. Kwa biti 32 namba kubwa hivyo hupanda kwa hatua za sekunde 64, na mpwito wa sekunde 4.8 kama ule wa Centaurus X-3 ungefutika wote.

Umbo nalo lina mtego wake. FITS na IDL hutaja kwanza mhimili unaobadilika upesi zaidi. NumPy, zana ya safu ya lugha ya Python ambayo watafiti wengi wamehamia, huutaja mwisho. Picha ya 300 kwa 200 husomeka humo 200 kwa 300. Picha ya mraba haionyeshi tofauti hiyo, na hapo mtafiti hulazimika kutafuta nyota anayoijua mahali pake ili ajue mhimili upi ni upi.