Rosetta Tharpe na Safari ya Neno Moja kutoka Kanisani hadi Ukumbi wa Dansi

Neno roki limeingia katika Kiswahili likiwa nomino tupu. Msemaji wa Kiswahili anapolitaja hudhamiria aina fulani ya muziki wenye magita ya umeme na ngoma nzito, na neno lenyewe halimpi fununu yoyote kwamba katika Kiingereza lilikuwa kwanza kitenzi, tena kitenzi cha nyumbani sana: ni tendo la mama anayempembeza mtoto ili alale. Kutokana na maana hiyo ya kuyumba polepole, Wamarekani Weusi walikuwa wamekwisha kulizalishia neno hilo maana nyingine mbili kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Kanisani lilitaja mtikisiko wa mwili wa mwumini aliyejazwa Roho. Katika nyimbo za vilabu lilikuwa tafsida ya tendo la ndoa. Kiswahili kina ukoo wa maneno usio mbali na huo. Bembea, bembeza na bembeleza yaelekea yatoka katika shina moja, na mtoto hubembelezwa alale, mpenzi hubembelezwa akubali, na mwenye dhiki humbembeleza Mola wake. Mwenye kuzisikia maana hizo zote kwa pamoja atakuwa karibu kabisa na jambo lililomfanya Rosetta Tharpe apendwe, alaumiwe, na mwishowe asahauliwe.

Masimulizi ya kawaida ya asili ya roki huanzia katika miaka ya 1950, na huwa ni masimulizi ya vijana wa kiume: Elvis Presley, Chuck Berry, Little Richard. Masimulizi hayo yana kasoro ya tarehe, kwani gita la umeme lililotangulizwa mbele ya bendi, mapigo yanayousukuma wimbo, na sauti inayopaza kama ya mhubiri, vyote vilikwisha sikika katika santuri za Tharpe tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1940. Lakini kasoro hiyo ya tarehe ni tokeo tu la kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi. Waandishi wa historia hiyo walizipanga nyimbo kwa maneno yake. Wimbo uliomtaja Mungu ukawekwa katika fungu la dini, hata kama vidole vilivyoupiga vilikuwa vikifanya yale yale ambayo miaka kumi baadaye yangeitwa roki.

Rosetta Tharpe alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 huko Cotton Plant, jimbo la Arkansas, katika nchi ya mashamba ya pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti na mpiga mandolini wa Kanisa la Mungu katika Kristo, lililoasisiwa na Charles Harrison Mason. Kanisa hilo halikumruhusu mwanamke kuwa mchungaji, lakini lilimruhusu kufundisha na kuhubiri Injili, na zaidi ya hayo halikuona haya kuingiza ibadani ngoma, matari na ala za nyuzi. Makanisa ya Weusi yenye kujiheshimu yalizidharau kelele hizo. Binti wa Katie Bell, kwa upande wake, alilelewa ndani yake, na alipofikia umri wa miaka sita alikuwa akisimamishwa mbele ya watu kama muujiza mdogo wenye gita.

Katikati ya miaka ya 1920 mama na binti walihamia Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu Weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini. Mwaka 1934 Rosetta aliolewa na mhubiri Thomas Thorpe. Ndoa haikudumu, jina la mume lilidumu, likiwa na badiliko la irabu moja, na kwa jina hilo la Tharpe, likitanguliwa na lile la heshima la kanisani, Sister, ndipo alipojulikana hadi mwisho wa maisha yake.

Miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 1938 yafaa itazamwe kwa makini na kila mwenye kupendezwa na uhusiano wa maneno na muktadha. Mwezi wa Oktoba Tharpe alipanda jukwaa la Cotton Club, jijini New York, katika tamasha la Cab Calloway, mahali ambapo wasanii walikuwa Weusi na wateja aghalabu Wazungu wenye fedha. Tarehe 31 ya mwezi huo huo aliirekodia kampuni ya Decca nyimbo nne, mmojawapo ukiwa ni ule uitwao "Rock Me". Tarehe 23 Desemba akaimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, ambako John Hammond alikuwa ameandaa tamasha la kuwaonyesha wasikilizaji wa New York historia ya muziki wa Weusi, toka nyimbo za ibada hadi jazi. Mwimbaji ni yule yule na gita ni lile lile. Lakini hadhira ya klabu ilipata burudani yenye viungo vya ugeni, hadhira ya Carnegie Hall ikapata urithi wa taifa, na waumini waliompenda tangu utotoni wakapata kashfa.

"Rock Me" ilikuwa na nasaba yake. Chanzo chake ni wimbo wa Injili wa Thomas A. Dorsey ambamo mwumini anamwomba Mungu amfiche kifuani mwake na kumpembeza kama mtoto. Dorsey mwenyewe alipata kuwa mpiga piano wa mwimbaji wa bluzi Ma Rainey kabla hajaugeukia utunzi wa nyimbo za kanisa, hivyo hakuwa mgeni wa njia zipitazo baina ya nyumba hizo mbili. Ila yeye alitembea kutoka klabu kwenda kanisani, na huo ni mwendo ambao kanisa hulisamehe daima. Tharpe aliupita ule ule ukuta kwa upande wa pili. Kanisani aombwaye hujulikana hata asipotajwa, maana kila aliyeketi anamwelekea. Katika ukumbi wa dansi, penye taa hafifu na glasi mezani, kiambishi cha mtendwa kinabaki pale pale, lakini mtendaji anaweza kuwa yeyote. Mwimbaji hakuwa na haja ya kuibadili sala ili isikike kama wimbo wa mapenzi. Mahali peke yake palimfanyia kazi hiyo. Wale waliomshutumu kwamba ameyachafua maneno matakatifu hawakutambua kuwa uwezekano huo ulikuwa umejificha katika maneno yenyewe tangu mwanzo.

Mambo yalizidi ugumu alipojiunga na bendi ya Lucky Millinder mwaka 1941. Pamoja na kuzirudia nyimbo zake za awali kwa mdundo wa bendi kubwa, alirekodi nayo "I Want a Tall Skinny Papa", wimbo wa mzaha juu ya mwanamume anayetamaniwa. Hapa hapakuwa na utata wa maana wa kujisitiria. Waumini walikasirika, na haikuchukua miaka mingi kabla Tharpe hajaachana na bendi hiyo na kurudi katika nyimbo za Injili. Kurudi kwake, hata hivyo, hakukuwa toba ya muziki. Alichokiacha ni maneno; gita la umeme na mapigo ya ukumbini alirudi navyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni "Strange Things Happening Every Day", aliorekodi mwaka 1944 pamoja na mpiga piano Sammy Price, besi na ngoma. Kichwa cha wimbo kinakumbusha mshangao wa makutano katika Luka 5:26, na shabaha yake ni wanafiki wa kidini, lakini piano inakwenda mbio za bugi, na gita linaingia katikati kusema neno lake kama msemaji wa pili. Mwaka 1945 wimbo huo ulifika nafasi ya 2 katika orodha ya jarida la Billboard iliyotengewa santuri za Weusi, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea kwa wimbo wa Injili. Wako wanaoutaja kuwa ndio wimbo wa kwanza wa roki. Mabishano ya namna hiyo juu ya nani wa kwanza hayana mwisho na aghalabu hayana faida. Inatosha kusema kwamba wimbo huo ukiondolewa, haieleweki kwa urahisi walichokifanya vijana wa miaka ya 1950 walikitoa wapi.

Upigaji wake ulikuwa wa kuchomoa noti moja moja kwa vidole, uzi ukijibu kile ambacho sauti imekwisha sema, kwa utaratibu ule ule wa mhubiri na waitikiaji wake. Sifa iliyozoeleka kutolewa kwake ilikuwa kwamba anapiga kama mwanamume. Sifa hiyo ni tusi lililovaa kanzu, kwa kuwa humpa mwanamke ustadi kwa sharti kwamba ustadi huo uhesabiwe kuwa ameuazima. (Kiswahili nacho hakijatakata: neno jikedume hutolewa kwa moyo uo huo.)

Mwaka 1946 Tharpe alimsikia Marie Knight akiimba New York, akamtafuta, na wakawa wenzi wa jukwaani. "Up Above My Head", walioirekodi mwaka 1947, ni majibizano ya sauti mbili za kike ambayo mtafiti wa kiitikio angeweza kuyafundishia darasa zima. Wanawake hao wawili walisafiri bila bendi ya wanaume ya kuwatambulisha. Safari za wasanii Weusi katika Marekani ya enzi ile hazikuwa za starehe. Hoteli na mikahawa ya Kusini iliwafungia milango, na Tharpe alizoea kulala ndani ya basi lake. Kwa muda alifuatana na Jordanaires, waimbaji wa Kizungu ambao baadaye waliimba nyuma ya Elvis Presley. Hao walikuwa wakiingia mkahawani kumletea chakula mtu ambaye jina lake ndilo lililovuta watu ukumbini.

Katika mwaka huo wa 1947, huko Macon, Georgia, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14 aliyemsikia akiimba nyimbo zake, kisha akamlipa. Kijana huyo aliitwa Richard Penniman, na ndiye aliyekuja kuwa Little Richard.

Umaarufu wake ulifika kileleni tarehe 3 Julai 1951, alipofunga ndoa na Russell Morrison katika uwanja wa besiboli wa Griffith, mjini Washington, mbele ya watu zaidi ya 20,000 waliolipa kiingilio. Baada ya viapo, bibi harusi alilichukua gita akiwa bado na shela, na Decca wakayarekodi yote. Watu wengi wamelisimulia tukio hilo kwa kucheka. Pengine ingefaa kuuliza ni mwanamuziki gani wa roki, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa amejaza uwanja wa michezo kabla yake.

Kuanguka kulikuja upesi. Mwaka 1953 yeye na Knight walirekodi nyimbo za bluzi, na waumini safari hii hawakusamehe. Wakati huo Mahalia Jackson, aliyekataa katakata kuimba bluzi, alikuwa akipanda. Tharpe alikuwa na hadhira mbili, na kila moja ilimdai aikane nyenzake. Muziki wake ulipoanza kupigwa na vijana kwa maneno ya shule, magari na wasichana, kanisa halikuwa na sababu ya kuudai, wala wauzaji wa santuri hawakuwa na sababu ya kumkumbuka mama wa makamo aliyeimba habari za Yesu.

Ulaya ilimpokea vingine. Mwaka 1957 alizuru Uingereza pamoja na bendi ya Chris Barber, na mwaka 1964 akarudi katika msafara wa waimbaji wa bluzi na Injili ambamo alikuwamo Muddy Waters. Tarehe 7 Mei mwaka huo, televisheni ya Granada iliwarekodi katika kituo cha reli kisichotumika tena, barabara ya Wilbraham, Manchester, wasikilizaji wakiwa wameketi upande mmoja wa reli na wasanii upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Tharpe aliletwa kwa gari la farasi, akiwa na koti zito, akafungua kwa "Didn't It Rain", wimbo juu ya gharika ya Nuhu. Tunarudi pale pale penye suala la maneno na mahali: wimbo wa kale wa ibada ukawa maelezo ya hali ya hewa ya Manchester, watazamaji wakacheka na kupiga makofi, na gharika haikupungua uzito wake hata kidogo. Filamu hiyo ipo, na mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi muktadha unavyolizaa upya neno la zamani hana haja ya mfano mwingine.

Mwaka 1970 alipatwa na kiharusi, na kisukari kikamsababishia kukatwa mguu. Aliendelea kuimba akiwa ameketi. Alifariki Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973, akiwa na miaka 58, na akazikwa katika makaburi ya Northwood bila jiwe lenye jina.

Jumba la heshima la roki la Marekani lilipowaingiza wasanii wake wa kwanza mwaka 1986, wote walikuwa wanaume, na Little Richard alikuwa mmoja wao. Johnny Cash, alipoingizwa mwaka 1992, alimtaja Tharpe miongoni mwa waimbaji aliowapenda. Mwaka 2007 Gayle Wald alichapisha wasifu wake, na tamasha la mwaka 2008 likachangisha fedha za jiwe la kaburi. Tharpe mwenyewe aliingizwa katika jumba hilo mwaka 2018, miaka 32 baada ya kijana wa Macon, na fungu alilowekwa si la wanamuziki wa roki, bali ni lile la waliowaathiri.