Mji Uliouza Tope la Majitaka

Mito mitatu hukutana Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kabla ya kuingia Ziwa Michigan. Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, mito hiyo ilikuwa mitaro ya uchafu. Vyoo, machinjio, viwanda vya ngozi na vya bia vilimwaga humo kila kitu. Mwaka 1888 mji ulichimba handaki la kusukuma maji ya ziwa ndani ya mmoja wa mito hiyo ili uvundo uondoke. Uliondoka kweli, ukaenda ziwani, na ziwani ndiko wenyeji walikochota maji ya kunywa. Homa ya matumbo haikuwatoka.

Mwaka 1910 wapiga kura walimchagua Emil Seidel, msoshalisti wa kwanza kuwa meya wa mji mkubwa nchini humo. Wasoshalisti wa kwingine waliwabeza wenzao wa Milwaukee kwa kuhubiri mabomba na mitaro badala ya mapinduzi. Mimi naona ile ilikuwa sifa kubwa: mtoto asife kwa maji aliyoyanywa ni siasa tosha. Tume ya majitaka iliundwa mwaka 1913, na mhandisi wake mkuu, T. Chalkley Hatton, akawa anafuatilia kwa karibu habari kutoka Uingereza.

Huko Manchester, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wakijaza majitaka katika chupa, wakizifunika kwa karatasi ya kaki ili mwanga usioteshe mwani, kisha wakipuliza hewa ndani. Mara ya kwanza maji yalichukua takriban wiki tano kutakata kabisa. Hapo ndipo walipofanya jambo dogo lililobadili kila kitu: walimimina maji safi tu, wakabakiza tope la kahawia lililotuama chini, wakaongeza majitaka mapya juu yake. Walirudia hivyo tena na tena, na kila mara muda ukapungua, hadi kazi ya wiki ikawa ya saa. Lile tope lilikuwa hai. Lilikuwa vijidudu vilivyoshiba na kuzaliana, vyenye njaa ya kula tena. Matokeo yalisomwa hadharani tarehe 3 Aprili 1914.

Milwaukee iliamua kujenga mtambo mkubwa wa aina hiyo mahali paitwapo Jones Island. Hapo walikuwa wakiishi wavuvi Wakashubi waliohamia kutoka pwani ya Baltiki, watu ambao wengi wao hawakuwa na hati za ardhi, na mji ukawaondoa kidogo kidogo. Wanaposifiwa wajenzi wa mtambo ule, wavuvi hao hawatajwi sana, nami sioni haki ya kuwaruka.

Mtambo ulianza kazi mwaka 1925. Lakini vijidudu vinavyosafisha maji huongezeka kila siku, na ziada yao lazima iende mahali. Tume ilikuwa imeliwazia hilo mapema. Mwaka 1923 ilikuwa imemfadhili mtafiti O. J. Noer, chini ya Profesa Emil Truog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aijaribu ile ziada mashambani. Majibu yalikuwa mazuri hasa kwenye nyasi. Naitrojeni yake imefungika ndani ya miili ya vijidudu, na vijidudu vya udongoni huifungua polepole, kwa hiyo majani hayaungui kama yanavyoungua yakizidishiwa mbolea ya chumvichumvi. Wasimamizi wa viwanja vya gofu wakawa wateja wa mwanzo. Mwaka 1926 mbolea ikaingia sokoni kwa jina la Milorganite, lililopatikana kwa shindano, na mpaka leo inauzwa.

Kuitengeneza kunataka moto mwingi. Tope hukamuliwa maji, kisha huzungushwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma yenye joto la nyuzi 480 hadi 650 za Selsiasi. Kinachotoka ni chembechembe ngumu, nyeusi kwa kahawia, zisizo na vimelea vya maradhi.

Sifa haikuukinga mji na mahakama. Kampuni iliyomiliki hataza za njia hiyo ya hewa na tope iliushtaki, ikashinda. Hata hivyo mwaka 1934 mahakama ya rufaa ilikataa kuufunga mtambo, kwa kuwa kuufunga kungerudisha kinyesi cha mji mzima ziwani.

Ugumu uliobaki haukutokana na vyoo. Vijidudu hula kinyesi. Madini kama kadimi, risasi na zebaki kutoka viwandani haviwezi kuyala, nayo huishia ndani ya mfuko wa mbolea. Kuna wakati mifuko ya Milorganite ilibeba onyo kwamba isitumike kwenye bustani za mboga. Viwanda vilipolazimishwa kusafisha majitaka yao kabla ya kuyaachia kwenye mabomba ya mji, madini hayo yalipungua, na mwaka 1993 serikali ya Marekani ikaweka viwango vya nchi nzima. Sasa tishio ni PFAS, kemikali za vyombo vya kupikia visivyogandisha chakula na vitambaa visivyolowa, ambazo huchukua muda mrefu mno kuvunjika. Jimbo la Maine, ambako wakulima walizikuta katika mashamba na maziwa ya ng'ombe wao, lilipiga marufuku mwaka 2022 kumwaga tope la majitaka mashambani.

Anayewalaumu wakulima wa Maine kwa woga hajui walichopoteza. Wala lawama haiviangukii vijidudu. Inamwangukia aliyeruhusu sumu iingie katika bomba moja na kinyesi. Mtaa wa Mukuru jijini Nairobi ulianza kwa njia nyingine. Mwaka 2011 kampuni ya Sanergy ilianza kueneza vyoo vidogo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi hukusanywa katika mapipa yenye vifuniko na kupelekwa kiwandani kugeuzwa mbolea, bila kupita katika bomba lolote la kiwanda cha rangi au cha ngozi.