Daktari aliyeuliza kina mama

Wasee, hii historia ni muhimu. Mwaka 1941, Sydney, daktari wa macho Norman Gregg alikuwa anaona watoto wachanga wengi ajabu wenye mtoto wa jicho. Enzi hizo kasoro kama hizo zilidhaniwa ni za kurithi tu. Gregg akauliza kina mama. Kati ya watoto 78, mama 68 walikuwa wameugua rubela, wengi mimba ikiwa changa. Lenzi ya jicho huanza kuumbwa karibu wiki ya 4, so virusi viliingia jicho likiwa bado linajengwa. Kuna wakubwa wa tiba walimtilia shaka miaka kadhaa. Ile sindano ya surua na rubela tulidungwa Kenya 2016? Safari yake ilianza na kina mama kuskizwa. Anayeiita njama, mtumie hii.