Mwangwi wa Sangara

Sisi wa Akheri tuulize habari za kahawa na ndizi. Ziwa? Tunalo Duluti hapo Tengeru, basi. Lakini gulioni dagaa wa Mwanza wamelundikwa kwenye magunia, wanapimwa kwa kopo. Siku moja nikamuuliza mama muuzaji: "Shikamoo mama, hivi hawa hawataisha kule ziwani?" Akacheka. "Mwanangu, kwani nani kawahesabu?"

Kumbe wamehesabiwa, tena kwa sauti!

Ukiita ukingoni mwa korongo la mlima Meru, sauti inakurudia. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Ikimgonga samaki mwenye kibofu cha hewa tumboni, hurudi. Ukijua imekawia kiasi gani, unajua samaki yuko kina gani. Ukipima nguvu yake, unakadiria wingi. Mnorwei Oscar Sund alichapisha picha ya mwangwi wa samaki mwaka 1935. Pwani yetu ilipata zamu mwaka 1982 na 1983, meli ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilipopita ikipima.

Ziwa Victoria ndiko kwenye mkasa. Sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, akawala furu bila huruma. Miaka ya 1990 minofu yake ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya. Viwanda vinadai samaki, wavuvi wanaongezeka, na hakuna ajuaye wamebaki wangapi. Kati ya 1999 na 2001 watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania wakalizunguka ziwa na vipima mwangwi. Sangara mkubwa huonekana mmoja mmoja. Dagaa ni kama wingu. Wakakadiria samaki wote kuwa zaidi ya tani milioni 2, zaidi ya nusu wakiwa sangara. Ila kadiri safari zilivyoendelea, sangara alikuwa anapungua.

Mimi siamini kila tarakimu. Samaki aliyelala chini kabisa, mwangwi wake humezwa na ule wa tope. Kwenye maji ya kina kifupi meli haiingii. Ndiyo maana hushusha nyavu pia, wajue mwangwi ni wa nani. Lakini bila sauti ile, kupungua kule kungebaki maneno ya wavuvi, na maneno ya wavuvi nani huyaandika?

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hiyo sauti inajua na bei. Nikanunua kopo mbili.